Mbiu ya Mgambo ndani ya Manii



Mtoto akichelewa, wa kwanza kupelekwa kliniki ni mke. Mume hufuata kwa kushurutishwa, kisha hutoka na karatasi moja ya maabara: idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba maishani. Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mume ana sehemu yake. Hoja yangu ni kwamba karatasi ile huonyesha hasara bila kutaja chanzo. Chanzo mara nyingine kimo katika majimaji yanayozibeba mbegu.

Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, kinga ya mwili ikiwa imekwisha kujifunza kilicho chake na kilicho cha kigeni. Kwa kinga hiyo, mbegu ni mgeni. Ndiyo sababu seli za Sertoli ndani ya korodani hushikamana na kuzitenga mbegu na damu. Uzio huo ukiharibika, au mirija ya mbegu ikijeruhiwa, mwili waweza kutengeneza kingamwili dhidi ya mbegu zake wenyewe.

Seli za kinga hupashana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na saitokini ndizo mbiu. Intaleukini-8 huziita chembe nyeupe za damu; intaleukini-6 na TNF-alfa huchochea mapambano. Chembe zilizoitika humwaga kemikali kali za oksijeni ili kuua vijidudu, na mbegu huungua nazo. Utando wake umejaa mafuta yanayoharibika upesi, na mwili wake mdogo hauna nafasi ya vimeng'enya vya kutosha kujikinga. Mwendo hulegea, DNA hukatika.

Hata hivyo, si kila mbiu ni ya vita. Manii yana saitokini iitwayo TGF-beta kwa wingi, nayo huiandaa kinga ya mwanamke ipokee mimba. Tatizo ni kiasi, mahali na muda.

Kwetu pwani na katika ukanda wa Ziwa Victoria, kisonono na klamidia si washukiwa pekee wanaoiliza mbiu ya vita. Mayai ya kichocho cha mkojo hufika pia kwenye tezi dume na vifuko vya manii. Utafiti wa Madagaska uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta chembe nyeupe na saitokini nyingi zaidi katika manii ya wanaume wenye kichocho.

Tufanye nini? Kupima saitokini bado ni kazi ya watafiti, kwani hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kumhukumia mgonjwa. Lakini chembe nyeupe zinahesabika leo kwa rangi ya peroksidesi, ambayo huzitofautisha na mbegu changa zinazofanana nazo. Zikifika milioni 1 kwa mililita, daktari atafute maambukizi, aulize kuhusu kichocho, atibu anachokiona, kisha arudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Na kliniki zetu ziwapime mume na mke kwa pamoja, tangu siku ya kwanza.