Ya Bure au ya Kulipia?

Ndugu wanakisomo wa Moa,

Leo tuzungumzie akili bandia ya kwenye simu. Unaiuliza, nayo inakujibu. ChatGPT ya Marekani ilitoka Novemba 2022, bure. Februari 2023 ikaongezwa ya kulipia, dola 20 kwa mwezi, yaani kama shilingi 50,000.

Je, tulipe? Sisi walimu wenu tunasema, ngojeni kwanza. Ya bure ina kikomo: ukiuliza mengi, inakwambia usubiri. Na bando inakula vilevile. Lakini kwa barua ya kikundi cha mwani au hesabu ya samaki, inatosha. Alipe yule ambaye faida ya kazi yake inazidi ada hiyo.

Tena tusidanganyike: hata ya kulipia hukosea. Dawa ya mtoto tumwulize mganga wa zahanati.