Mtoto wa nyumba ntobhu ni wa nani?



Mada niliyopewa ni familia na imani. Najua wapo wanaosubiri niwalaani mashoga, tupige makofi, twende zetu. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ule ulikuwa msimamo wake binafsi. Siasa ya namna hiyo ni rahisi mno. Mimi naongelea mtoto.

Tunduma mpaka umetuleta watu wa kila kabila. Wakurya wa Tarime wamo, waulizeni nyumba ntobhu ni nini. Mama mtu mzima, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kumwoa msichana. Msichana anazaa na mwanamume, watoto wanahesabiwa wa nyumba ya yule mama. Hapo hakuna mapenzi ya wanawake wawili, msinielewe vibaya. Kuna nyumba isiyotaka kufa.

Mtaniambia hayo hayamo kwenye Biblia. Hebu kasomeni Ruthu mpaka mwisho. Ruthu anamzaa Obedi, majirani wanasema mtoto kazaliwa kwa Naomi, mama mkwe aliyefiwa na mume na wana wote wawili. Na Obedi huyo ndo babu yake Daudi!

Njooni Israeli ya leo, hii tunayoipeperushia bendera makanisani. Ndoa za Wayahudi kule ziko mikononi mwa marabi, na marabi hawafungishi ndoa ya wanawake wawili. Lakini watoto walishazaliwa, wapo, wanakwenda shule. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaruhusu mwanamke kuasili mtoto aliyezaliwa na mwenzake. Marabi wakabaki na msimamo wao. Mengi ya nchi ile siyakubali, ila hapo walitenganisha maswali mawili: ndoa hii ni halali? Na mtoto huyu ni wa nani?

Sisi tumeyafunga pamoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi. Mama akifa, ndugu wanamwambia binti: wewe si mke, hawa si wa hapa, tokeni. Au baba aliyewazaa anaibuka kuwadai wakishakua. Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa ilipata kesi ya namna hiyo ya Wanandi, Jaji Ojwang akamtambua mke na wanawe kuwa warithi. Na Katiba yao nayo inataja ndoa ya jinsia mbili tofauti.

Sisemi mila hii ni nzuri. Kuna mabinti wanaotolewa wadogo, hakuna aliyewauliza. Sasa, ni sheria hiyohiyo ambayo Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi mwaka 2019, iliagiza umri wa binti kuolewa urekebishwe. Vijana wa Songwe tupeleke pendekezo: asiolewe aliye chini ya miaka 18, awe anaolewa na mwanamume au na mama, na mtoto wa nyumba ntobhu arithi pale alipolelewa.

Katibu, umeandika? Wanaopinga waanze, kipaza sauti kiko kule.