Somo la Kusikiliza: Msichana Aliyechukuliwa na Mlima

Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na mwalimu aongeze sauti ya redio kidogo ili wenzetu walioketi nyuma nao wasikie.

Somo letu la leo ni juu ya kusikiliza. Pengine mtu atasema, "Kusikiliza nako kwafundishwa? Mimi nina masikio tangu nizaliwe." Ni kweli. Lakini hata macho mlikuwa nayo tangu kuzaliwa, na bado mlikuja darasani kujifunza kusoma. Kumbukeni siku ile mlipofungua kitabu mara ya kwanza. Mliona nini? Mliona mikwaruzo myeusi tu juu ya karatasi nyeupe, kama nyayo za kuku penye majivu. Kitabu kilikuwa vilevile kama kilivyo leo, nanyi mmebadilika. Leo mahali palepale penye mikwaruzo mwasoma "mama", "shamba", "maji".

Mambo ya sauti ni hivyo hivyo. Tukisikia muziki tusiouzoea, twasema upesi, "Hizo ni kelele." Mara nyingine ni kelele kweli. Lakini mara nyingine ni kitabu ambacho herufi zake hatujajifunza. Leo tutachukua kitabu kimoja cha namna hiyo, tujifunze herufi zake. Nimechagua kilicho kigumu makusudi, maana anayeweza kupanda kilima kikali hashindwi na njia ya tambarare.

Kitabu chenyewe ni santuri, au kama tusemavyo siku hizi, albamu. Ilitolewa mwaka 1995 katika nchi ya Norwei, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Jina lake ni Bergtatt. Waliopiga ni bendi ya vijana wa mji wa Oslo iitwayo Ulver. Katika lugha yao Ulver maana yake ni mbwa-mwitu. Mwimbaji wao, Kristoffer Rygg, alizaliwa mwaka 1976. Basi santuri ilipotoka alikuwa hajatimiza miaka 20.

Neno Bergtatt maana yake ni "aliyechukuliwa na mlima". Hapo pana hadithi, na hadithi ndiyo ufunguo wetu wa kwanza.

Norwei ni nchi ya milima, misitu na baridi. Mwezi wa Desemba, hata kule Oslo kusini mwa nchi, jua huonekana kwa muda wa saa sita tu kwa siku. Zamani, wakati wa kiangazi, wasichana walipelekwa juu milimani kuchunga ng'ombe na kutengeneza siagi na jibini, na mara nyingi walikaa huko peke yao. Wazee walisimulia kwamba ndani ya milima wanakaa watu wasioonekana, wenye nyumba na mifugo yao. Watu hao huwavuta wasichana kwa sauti nzuri na kuwaingiza ndani ya mwamba. Jamaa wa msichana walipomkosa walipiga kengele za kanisa, kwa kuwa waliamini kwamba kengele zikisikika mlimani, aliyechukuliwa huachiliwa. Hadithi za namna hii zilikusanywa na kupigwa chapa na mabwana wawili, Asbjørnsen na Moe, tangu miaka ya 1840.

Nadhani wengi wenu mmetikisa kichwa, maana hata kwetu tumesikia habari za watu waliochukuliwa na mizimu au majini. Basi hadithi si ngeni sana. Kilicho kigeni ni jinsi ilivyosimuliwa.

Muziki huu ni wa aina iitwayo bleki metali, yaani "chuma cheusi". Aina hii ilipata nguvu Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Herufi zake ni tatu, nanyi ziandikeni.

Herufi ya kwanza ni gita la umeme. Mpigaji huuchokoa uzi mmoja upesi sana, juu na chini, hata milio ikashikana na kuwa kama mvuma mmoja mrefu. Aliyewahi kumwona mpiga udi wa taarabu akitetemesha mkono juu ya uzi, ajua jambo hili. Mfano mwingine ni mvua. Tone moja lina mlio wake, lakini matone elfu juu ya bati huwa sauti moja.

Herufi ya pili ni ngoma. Nazo hupigwa mbio mno. Msijaribu kuzicheza wala kuhesabu kila pigo, mtachoka bure. Zisikilizeni kama mwendo wa garimoshi: magurudumu yenda mbio, lakini wewe uliyekaa dirishani waona milima ikipita polepole. Sikilizeni nyimbo iliyo juu ya ngoma. Hiyo ndiyo mlima, nayo haina haraka.

Herufi ya tatu ni sauti ya kupasua koo. Mwimbaji hupiga yowe, tena la kukwaruza. Hiyo ndiyo inayowafukuza watu wengi. Tutairudia baadaye, maana siri ya santuri hii imo humo.

Sasa tufungue kitabu. Kina sura tano, na kila wimbo ni sura moja. Zote kwa pamoja ni dakika 34 hivi.

(Hapa kipande cha sura ya kwanza kilipigwa redioni.)

Sura ya kwanza ni habari ya msichana kupotea katika msitu wa mazimwi. Ninyi mliokuwa mkingoja mayowe, mmesikia nini? Mmesikia sauti laini, za mtu kama watu wengi wakiimba kanisani kwa utaratibu. Ngoma zakimbia chini yake, lakini sauti haikimbii. Ndivyo alivyo mtu aliyeanza kupotea: moyo waenda mbio, naye uso ameutuliza, ajiambia kwamba njia ipo mbele kidogo tu.

Sura ya pili, jua latua nyuma ya vilima. Inaanza kwa filimbi, kama mchungaji wa mbali. Kisha giza laingia kwa ghafula: magita yote pamoja, na yowe la kwanza. Sasa mwajua yowe lile ni la nini. Ni usiku wenyewe unaingia.

Sura ya tatu, msichana atambua kwamba jicho la kijivu lamtazama. Katika sura hii pana mahali ambapo muziki wanyamaza, nasi twasikia hatua za mtu akikimbia msituni, na piano ikigongwa pole. Hakuna maneno. Anayejua kusimulia ajua pia mahali pa kunyamaza.

Sura ya nne ni fupi kuliko zote, dakika 4 tu. Yaitwa "Sauti Yaita". Hakuna ngoma, hakuna yowe. Ni gita la kawaida na sauti tulivu.

(Hapa kipande cha sura ya nne kilipigwa redioni.)

Niambieni sasa, masikio yenu yamefanya nini? Bila shaka yamepumzika. Pengine mmesema, "Alhamdulillahi, sasa ndio muziki." Ngojeni kidogo! Kumbukeni hadithi. Ni nini kilichomwingiza msichana ndani ya mwamba? Je, ni usiku? Ni upepo? Ni yale mayowe? La. Ni sauti nzuri iliyomwita. Mahali pale tulipopumzika ndipo msichana alipopotea kabisa. Na sura ya tano, iliyo ndefu kuliko zote, jina lake ni habari ya kuingia katika vyumba vya mlima. Kengele za kanisa hazimrudishi. Hadithi yakoma huko ndani.

Hiyo ndiyo siri ya santuri hii, na ndiyo sababu nimeileta mbele yenu. Vijana wale walitumia sauti mbili, moja kali na moja tamu. Sisi kwa mazoea yetu twaogopa kali na kuifuata tamu. Msichana naye alifanya hivyo hivyo. Msikilizaji amechukuliwa pamoja naye, wala hakutambua. Lau muziki ungalikuwa mayowe matupu, tungalijihadhari tangu mwanzo hata mwisho. Lau ungalikuwa utamu mtupu, tusingalijua hatari. Imehitajiwa sauti zote mbili.

Yafaa pia kusema neno juu ya lugha, kwa kuwa sisi ni watu wa kusoma. Norwei ilitawaliwa na Udeni kwa karne nyingi, hata mwaka 1814, na kwa muda huo watu waliandika kwa Kideni. Ulver waliandika maneno ya nyimbo zao kwa maendelezo ya zamani yaliyofanana na vitabu vya wakati huo. Hivyo hata Mnorwei wa leo akishika karatasi ya maneno hayo hukutana na herufi zilizopangwa tofauti na alivyofundishwa shuleni. Ajikuta anasoma kama msomaji mpya, neno kwa neno. Nanyi msione haya kusoma polepole.

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo sitalificha. Muziki wa bleki metali una jina baya, na lina sababu yake. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketezwa kwa moto. Kanisa hilo asili yake ni karne ya 12. Makanisa mengine yakafuata. Mwaka 1994 mwanamuziki mmoja wa aina hii alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kumwua mwanamuziki mwenziwe na kwa kuchoma makanisa. Huo ni uovu, wala wimbo mzuri hauwezi kuusafisha.

Lakini hatia ni ya aliyetenda. Magazeti yalijaa habari za moto na damu, na watu wengi waliosoma habari hizo hawakupata kamwe kuusikia muziki. Mwaka uliofuata hukumu ile, santuri yetu ikatoka. Ndani yake mna msichana, msitu, na hadithi ya wazee. Nani angalikuwa na sikio la kuisikiliza? Wapenzi wa muziki huo waliipokea na kuitunza hata leo. Nje ya duara lao ilibaki kama mtoto mwema katika nyumba yenye sifa mbaya. Tena bendi yenyewe haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1996 walitoa santuri iliyoacha kabisa magita ya umeme. Mwaka 1997 wakatoa nyingine kali kupita zote. Kisha wakauacha muziki wa aina hii, wakashika vyombo vya kielektroniki. Wengi waliowajua baadaye hawakurudi nyuma kuitazama kazi ya kwanza. Kwa maoni yangu, hiyo ya kwanza imepewa sifa pungufu kuliko inavyostahili.

Sikuambieni kwamba lazima muipende. Kupenda hakuamrishwi. Mzee akiisikia yote na kusema, "Nimeelewa, lakini siipendi," huyo amefaulu somo. Aliyeshindwa ni yule aliyesema, "Siipendi," kabla ya kusikia, kwa kuwa jirani yake alisema hivyo. Kesho jirani huyo atamwambia habari za mtu, au za chama, au za dawa, naye ataamini vivyo hivyo. Na mwingine atamjia na sauti tamu sana, mkononi ana karatasi ya kutiwa sahihi. Hapo ndipo mtamkumbuka msichana wa mlimani. Karatasi isomeni kwanza, neno kwa neno.

Basi, ukikutana na muziki mgeni, fanya hivi. Sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza usihukumu. Ngoja hata mwisho. Mara ya pili fuata chombo kimoja tu, gita au ngoma, kama unavyofuata mstari mmoja wa kitabu kwa kidole. Mara ya tatu uliza: wimbo huu wasimulia nini, na kwa nini amechagua sauti hii mahali hapa? Baada ya hapo toa hukumu yako, nayo itakuwa yako kweli.

Haya sasa, maswali ya kujibu darasani. Andikeni majibu kwa sentensi nzima.

1. Neno Bergtatt maana yake nini?
2. Kwa nini watu wa zamani wa Norwei walipiga kengele za kanisa?
3. Taja herufi tatu za muziki wa bleki metali.
4. Je, msichana alichukuliwa na sauti kali au sauti tamu? Eleza.
5. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwako hadithi ya mtu aliyepotea. Iandike kwa mistari kumi, kisha uisome mbele ya wenzako. Onyesha mahali ambapo ungenyamaza.

Swali la tano ndilo kubwa. Msiliruke. Hadithi nyingi za wazee wetu bado hazijaandikwa, na sasa kalamu iko mikononi mwenu.

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.