Kompyuta Zilizofunikwa Kitambaa

Kwaya zetu, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, zinapenda kurekodi. Fundi akishatia mwangwi kwenye sauti tatu nne, kompyuta inakwama. Basi anadai mpya, na mchango unarudi kwa wanakwaya, tena kabla kahawa haijauzwa!

Hivi ni lazima? Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa Logic Pro 7, iliyoweza kugawia kompyuta nyingine sehemu ya kazi hiyo kwa waya wa mtandao. Siku hizi ipo AudioGridder, ya bure. Sauti inatoka, inatiwa mwangwi kwenye mashine ya pili yenye programu hizo, inarudi. Waya hauelemewi: sauti ya ubora wa CD ni megabiti 1.4 kwa sekunde, na waya wa kawaida hupitisha 100.

Inachelewa kidogo, kweli. Anayeimba akijisikia hivyo atapotea. Kwa hiyo rekodi kwanza, mwangwi baadaye.

Viongozi wa kwaya, kabla ya kupitisha bakuli, muulizeni fundi: zile mbili zilizofunikwa kitambaa pale kwenye kona zina kazi gani?