Saluni ya Kasi Ikifika Mkono wa Tatu

Saluni ya kasi ya daraja la juu ni gari la milango minne lenye starehe zote za gari la mkurugenzi: viti vya ngozi, ukimya, nafasi ya watoto nyuma na masanduku kwenye buti. Tofauti iko chini ya boneti, ambako kuna injini iliyorithi mengi kutoka viwanja vya mashindano. Zinazotajwa zaidi ni BMW M5, Mercedes-Benz E63 ya AMG na, kwa upande wa Japani, Lexus GS F. Mtu asiyefuatilia magari akipishana nazo barabarani huziona kama saluni za kawaida za kampuni hizo hizo. Anayejua hutazama mabomba manne ya moshi, upana wa matairi ya nyuma na ukubwa wa diski za breki.

Yakiwa mapya, magari haya hununuliwa na wachache. Yakifika mkono wa tatu au wa nne, bei huwa imeporomoka hadi kukaribia ile ya gari jipya dogo la familia, na hapo ndipo wengi huanza kuyapigia hesabu. Hesabu hiyo mara nyingi hutazama bei ya leo peke yake. Lakini bei ambayo gari lilitoka nayo dukani hailiachi. Muuza vipuri anaijua, mamlaka ya mapato inaijua, na muda si mrefu mnunuzi naye huijua. Diski ya breki iliyobuniwa kwa gari la pauni 60,000 haipungui thamani kwa sababu gari lenyewe sasa linauzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Mfano unaofundisha zaidi ni M5 ya kizazi cha E60, iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010, ambayo Uingereza iliuzwa kwa zaidi ya pauni 60,000 ilipotoka. Injini yake, ijulikanayo kama S85, ina silinda 10 na ujazo wa lita 5, haina turbo, na hutoa nguvu za farasi 507 inapofika mizunguko 7,750 kwa dakika. Gari likiwashwa huanza na nguvu za farasi 400 tu. Dereva anayezitaka zote hubonyeza kitufe kilicho karibu na gia. M5 iliyofuata, ya 2011, ilihamia kwenye silinda 8 na turbo mbili, ikawa na nguvu zaidi, lakini mlio wa silinda 10 haukurudi tena. Kwa wapenzi wa magari, mlio huo ndio unaouza E60 hadi leo.

Injini hiyo hiyo ndiyo mzizi wa gharama. Beringi za konrodi, vile vyuma vyembamba vinavyokaa kati ya konrodi na kranki, ziliachiwa nafasi finyu sana, na oili iliyoagizwa kwa injini hii ni nzito, 10W-60. Injini ikiwa baridi, oili hiyo hupenya kwa shida. Dereva akikanyaga mafuta kabla haijapata joto, beringi huliwa. Watengenezaji hawakulificha jambo hili, maana waliliandika kwenye dashibodi: taa za tahadhari kwenye mita ya mizunguko huanza chini asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupanda taratibu kadiri oili inavyopata moto. Mwenye gari wa kwanza pengine aliliheshimu. Wa tatu, aliyelinunua ili kuwaonyesha marafiki, huenda hakujua hata taa zile zinasema nini. Beringi zikiisha, konrodi huanza kugonga, na gharama inayofuata ni ya injini nzima. Ndiyo maana wamiliki makini huzibadilisha mapema, kabla ya kusikia mlio wowote, na huhesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya sevisi.

Gia nazo zina habari yake. E60 nyingi zilikuja na gia boksi ya SMG yenye gia 7, ambayo klachi yake hubanwa na pampu ya haidroliki badala ya mguu wa dereva. Kwenye barabara kuu hufanya kazi vizuri. Kwenye foleni, kusogea hatua mbili na kusimama kwa saa nzima, klachi huungua na pampu huchoka. Juu ya hayo kuna mota mbili ndogo zinazofungua njia ya hewa kuingia kwenye injini. Zikichakaa, gari huwasha taa ya onyo, hupunguza nguvu na kukataa kuvuta, mara nyingine katikati ya safari.

Mercedes haiko salama zaidi. E63 zilizotoka kati ya 2006 na 2011 zilitumia injini ya silinda 8 iitwayo M156, yenye ujazo wa lita 6.2 ingawa nembo ya nyuma inadai 63. Katika injini za miaka ya mwanzo, boliti za silinda hedi zilikuwa zikikatika na kuruhusu maji ya rejeta kuingia kwenye silinda; tapeti na kemshafti nazo zilichakaa kabla ya wakati. Juu ya injini kuna kibati chenye sahihi ya fundi mmoja aliyeiunga kwa mikono yake. Ni pambo zuri, lakini halizuii boliti kukatika.

Lexus GS F, iliyouzwa kuanzia 2015 hadi 2020, ni ya tabia nyingine. Ina lita 5, silinda 8, haina turbo, nguvu za farasi wapatao 470, na gia otomatiki ya kawaida yenye gia 8. M5 na E63 za umri wake huiacha nyuma barabarani bila jasho. Lakini kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka gari la kuwaka kila asubuhi, ndiyo chaguo la akili katika kundi zima. Udhaifu wake ni uchache: bampa au taa ikivunjika, kuipata ni kuagiza na kusubiri.

Sheria za kuingiza magari huamua mengi kabla hata ya gari kuchaguliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na haiandikishi gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. E60 kwa hiyo haiingii tena. Anayeitaka atainunua kwa mtu aliye nayo tayari nchini. Gari la petroli lenye injini inayozidi cc 3,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, juu ya ushuru wa forodha na kabla ya VAT ya asilimia 16. Thamani inayotozwa hukadiriwa kuanzia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguzwa kwa umri, hivyo aliyelipata kwa bei ya kutupa Japani hapati nafuu hiyo kwenye kodi. Uganda imeweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haifungi mlango kwa umri, ila gari lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa gari lenye cc 5,000, ni vyema kufungua kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwanza na picha za mnadani baadaye.

Matumizi ya kila siku nayo yana namba zake. Kwa vipimo rasmi, E60 hutumia lita 14.8 kwa kila kilomita 100, na tangi lake ni lita 70. Kwa karatasi, huo ni mwendo wa kilomita 470 hivi. Foleni za mjini huzipunguza sana. Kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi hutaja oktani inayotakiwa, na kwa magari ya aina hii huwa ya juu. Petroli duni haiui injini siku hiyo hiyo. Kompyuta husikia mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda na kurudisha cheche nyuma, nguvu hupotea, na mwenye gari huwa amelipia farasi asiowatumia.

Matairi ya nyuma ya M5 hiyo ni 285/35 ya inchi 19. Ubavu wake una kimo cha sentimita 10 tu, na ya mbele ni membamba zaidi, kwa hiyo hayawezi kuzungushwa ili yaishe pamoja. Shimo moja lenye kingo kali hupasua tairi na kupinda rimu kwa pigo moja, na gari halikuja na tairi la akiba. Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi, au mtaa wenye matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe bila kipimo, mjadala unaweza kuishia hapa.

Kama bado nia ipo, kitu cha kwanza kutafuta ni fundi. Gereji yenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari husika, na iliyowahi kufungua injini ya aina hiyo, ipatikane kabla ya kulipa hata senti. Fundi hodari wa Toyota anaweza asiwe na zana za kurekebisha SMG, na kujifunza kwake kutagharimiwa na mwenye gari. Wapo wauzaji wanaochukia kusikia neno ukaguzi. Hiyo nayo ni taarifa.

Baada ya fundi ni karatasi. Gari la Uingereza lililozidi miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na historia ya ukaguzi huo hupatikana bure kwa namba ya usajili, pamoja na maili zilizosomwa kila mara. Maili zikirudi nyuma mahali popote, ulaghai huonekana. Gari la Japani huja na karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake, na alama ya R au RA humaanisha lilitengenezwa baada ya ajali. Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa huthibitisha usalama wa barabarani. Hakisemi lolote kuhusu beringi za konrodi. Kwa gari la namna hii, kilomita 120,000 zenye risiti za oili, klachi na beringi ni bora kuliko kilomita 60,000 zisizo na karatasi hata moja.

Kisha gari liwashwe likiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyelipasha moto kabla mgeni hajafika amefuta ushahidi mkubwa. Mkono uwekwe juu ya boneti, sikio litege sekunde za mwanzo, macho yafuate rangi ya moshi. Oili inaweza kuchukuliwa kidogo na kupimwa maabara. Risasi na shaba nyingi ndani yake ni dalili kwamba beringi zinaliwa. Barabarani, gia zipandishwe na kushushwa taratibu kisha kwa nguvu, na breki zishikwe kutoka mwendo wa juu ili usukani uonyeshe kama diski zimepinda.

Fedha za matengenezo ya mwaka wa kwanza zinapaswa kuwa mkononi siku ya kununua, zimetengwa kando ya bei. Anayelazimika kumaliza akiba yote kulipia gari hana gari bado. Ana nusu yake. Bima kubwa nayo iulizwe mapema, kwa kuwa si kila kampuni hupenda kulibeba gari lenye umri huu na nguvu hizi. Soko la kuliuza tena ni dogo, na wanunuzi wake ni watu wanaojua wanachouliza. Kwa hiyo jalada la risiti hufunguliwa wiki ya kwanza, kila karatasi ikiwa na tarehe na kilomita, kwa sababu mnunuzi wa mkono wa nne ataomba kuona beringi zilibadilishwa lini na nani.