Baiskeli ya Magurudumu Matatu kwa Mzee

Fungueni madaftari yenu. Kila mmoja awe na kalamu na kipande cha kamba cha kupimia. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowahusu wazee wetu, na sisi wenyewe tutakapofika huko.

Tuseme wewe una umri wa miaka 68. Tangu ujana wako umepanda baiskeli kwenda shambani, sokoni na kwa jamaa. Siku moja, ulipokuwa ukishuka, mguu haukuinuka vya kutosha, ukaanguka. Safari hii umechubuka goti tu. Lakini mifupa ya mzee huvunjika upesi, na mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani. Basi watoto wako wanasema, "Baba, iache baiskeli." Maneno yao ni ya mapenzi. Lakini ukiiacha, nani atakupeleka sokoni? Utamngoja mtu kila siku, na mwili usiotumiwa hulegea.

Iko njia ya katikati. Ni baiskeli ya kuegemea yenye magurudumu matatu. Kiti chake kina mgongo kama kiti cha barazani. Wewe waketi, waegemea, na miguu yako yasukuma pedali zilizo mbele yako. Ukienda pole pole sana huanguki. Ukisimama mlimani kupumzika, huanguki. Tena mikono haibebi uzito wa mwili, wala matako hayaumizwi na kiti chembamba.

Baiskeli hizi hupatikana zaidi Ulaya na Amerika. Kwetu ni adimu. Lakini kanuni za kuchagua zafaa pia kwa baiskeli nyingine za magurudumu matatu, hata ile inayozungushwa kwa mikono, au ile utakayoundiwa na fundi wa kuchomelea vyuma.

Labda wasema, "Watu watanicheka." Basi sikiliza. Mwaka 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea ya magurudumu mawili, iliyotengenezwa na Charles Mochet. Kwa saa moja alikwenda zaidi ya kilomita 45, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kiliamua kuwa baiskeli za namna hiyo zisihesabiwe pamoja na za kawaida. Kwa hiyo kuegemea si alama ya unyonge.

Sasa tuchague. Ziko aina mbili.

Aina ya kwanza ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Hii husimama imara katika kona. Lakini mara nyingi kiti chake kiko chini sana, nyingine kama sentimita 30 tu kutoka ardhini.

Aina ya pili ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama bajaji. Mara nyingi kiti chake kiko juu zaidi, na hugeuka mahali padogo. Lakini ukiingia katika kona kwa kasi, ni rahisi zaidi kupinduka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kisha inamisha kiwiliwili upande unaoelekea.

Ipi ikufae? Usiulize kwanza ipi yenda mbio. Jiulize: Nitainukaje? Watu wengi hujaribu kuketi, wakafurahi, wakalipa. Wakifika nyumbani hawawezi kuinuka bila kuvutwa na mjukuu. Wewe fanya hivi. Funga breki ya kusimamishia, ili baiskeli isikimbie. Keti, kisha inuka peke yako, mara tano. Mara ya kwanza si kitu. Mara ya tano ndiyo isemayo kweli. Magoti yakikataa, chagua kiti cha juu zaidi. Baiskeli isiyo na breki ya kusimamishia usiinunue.

Pili, pima miguu. Pedali ikiwa mbali kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukilazimika kujivuta, miguu ni mifupi kwa baiskeli hiyo. Mwambie fundi asogeze pedali.

Tatu, angalia nyayo. Hapa pana hatari kubwa. Mguu ukiteleza kwenye pedali wakati baiskeli yakimbia, waweza kugusa chini na kuvutwa nyuma chini ya vyuma. Mguu huvunjika. Pedali ziwe na mikanda ya kushika mguu na kisigino.

Nne, kumbuka gari. Umeketi chini, na dereva wa lori hakuoni upesi. Weka bendera ya rangi kali juu ya mti mrefu, taa mbele na nyuma, na kioo cha kutazamia nyuma, kwa maana shingo ya mzee haigeuki vizuri.

Tano, fikiri njia yako. Baiskeli ya kawaida hupita kwenye kijia chembamba. Hii yahitaji nafasi ya magurudumu mawili yaliyo sambamba. Kwenye mchanga magurudumu matatu huchora mistari mitatu, nawe wachoka. Njia yako ikiwa ya mchanga mtupu, labda haitakufaa.

Sita, pima mlango. Tufanye hesabu. Baiskeli ina upana wa sentimita 82. Mlango wako una upana wa sentimita 75. Je, itapita? Haitapita, zimezidi sentimita 7. Italala nje, na kitu kilicholala nje huenda asubuhi usikione.

Mwisho ni bei. Mpya, huko zinakouzwa, mara nyingi hupita dola 1,000 za Marekani. Kwa hiyo usinunue kwa picha. Ipande kwanza, na uulize ni nani atakayeitengeneza ikiharibika.

Nanyi watoto wa wazee, msiseme tu "Acha." Nendeni naye. Shikeni kamba, yeye apande, ninyi mpime. Uamuzi ni wake, maana magoti ni yake. Mwenda pole hajikwai.

Maswali kwa darasa:
1. Kwa nini tunajaribu kuinuka mara tano?
2. Bendera ina kazi gani?
3. Pima mlango wa nyumba yako. Andika upana wake katika daftari.

Hapa ndipo tunapoishia leo. Kwaherini.