Kadi Yenye Jina la Jimbo



Nilipokuwa nafundisha Kiswahili Marekani, katika chuo ambacho sitakitaja, muhula mmoja nilikuwa na wanafunzi saba. Wawili walilipiwa ada na posho na serikali ya shirikisho, kwa mpango uliozaliwa na sheria ya mwaka 1958, Warusi walipokwisha kurusha setilaiti ya Sputnik na Wamarekani wakashtuka kwamba hawajui lugha za watu. Mkuu wa idara alininong'oneza kwamba bila hao wawili darasa lisingefikia idadi inayotakiwa, na lingefutwa. Watano waliojilipia wenyewe wangekosa mwalimu, nami ningekosa kazi.

Tangu siku hiyo simwamini sana mtu anayepima utegemezi kwa asilimia.

Najua wengi mlitarajia nizungumzie PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na dawa za kufubaza VVU. Hayo tunayajua, yametugusa. Leo nataka tuwachungulie Wamarekani wenyewe nyumbani kwao.

Tuanze na shule. Katika kila dola kumi zinazoendesha shule za umma za msingi na sekondari, Washington hutoa takriban moja tu. Zilizobaki hutoka jimboni na kwenye kodi za hapo hapo mtaani, hasa kodi ya majengo. Lakini dola hiyo moja haimwagiki sawasawa kama mvua ya masika. Sheria ya 1965 iliielekeza zaidi kwenye shule zenye watoto wengi wa maskini. Chakula cha mchana nacho kina fungu lake tangu 1946. Mtoto anafika na sinia, anabonyeza namba yake, anachukua maziwa, tufaha na kipande cha piza, anakwenda kukaa. Mashine inajua nani analipa na nani anakula bure, foleni haijui. Mtaa wa matajiri ukiikosa dola hiyo, utanung'unika wiki mbili. Shule ya kijijini Mississippi itafunga jiko.

Kwenye matibabu mambo ni makubwa zaidi. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, hulipiwa na serikali kuu angalau nusu katika kila jimbo, na jimbo likiwa maskini sehemu hiyo hupanda. Mississippi imepita robo tatu. Ila muulize mwenye kadi. Wa Massachusetts atakwambia ana MassHealth, wa Tennessee TennCare, wa Oklahoma SoonerCare. Kadi imeandikwa jina la nyumbani! Mtu anaweza kuilaani Washington tangu asubuhi hadi magharibi, na kadi iko mfukoni mwake. Simcheki. Hakuna aliyemweleza.

Mtoaji naye hakosi sharti. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 kote. Halikutuma polisi, lilisema tu kwamba jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota ilikwenda mahakamani, ikashindwa mwaka 1987. Wyoming ikasalimu amri mwaka uliofuata. Sehemu yenyewe ilikuwa ndogo, lakini barabara zilikuwa ndefu.

Mtaniuliza: Washington ikikata fedha, kwa nini majimbo yasijazie pengo? Kwa sababu karibu yote yanabanwa na sheria zao kusawazisha bajeti. Serikali kuu inaweza kukopa mwaka wa njaa, gavana hukata. Ndiyo maana serikali hiyo ilipofungwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, takriban watu milioni 42 wanaopata msaada wa kununulia chakula waliingia Novemba wakikodolea macho kadi zao dukani. Ofisi za majimbo zilikuwa wazi, makarani wapo, kompyuta zinawaka. Fedha ndizo hazikuwapo.

Mwaka huo huo Wizara ya Elimu ya huko ilisitisha fedha za vituo na posho za kusomea lugha za kigeni, zile za 1958. Mwenzangu niliyemwachia darasa alinitumia picha ya ubao. Walikuwa wamefika kwenye ngeli ya KI-VI. Waliojiandikisha muhula uliofuata walikuwa wanne.